Nauli ya Kufika Chuoni

(Mhadhara uliotolewa Kisesa, wilayani Magu, mkoani Mwanza, mbele ya wazazi, walimu, viongozi wa dini na viongozi wa kata)



 

Niliombwa nizungumzie namna ya kuwapatia watoto wa kaya duni fedha za kusomea chuo. Nimelitafakari ombi hilo, na nimeamua kuja na dai moja nitakalolitetea mbele yenu hadi mwisho. Nadai kwamba mtoto maskini wa Kisesa anayefaulu kidato cha sita, mara nyingi, hazuiwi na ada. Anazuiwa na karatasi, na tarehe, na fedha ndogo ya mwanzo ambayo haifiki hata nusu ya bei ya pikipiki. Mambo hayo matatu yamo ndani ya uwezo wa kata. Ada ya miaka mitatu haimo. Basi nguvu zetu tuzipeleke kwenye yale tunayoyaweza.

Kabla sijaanza kuhesabu hoja, niweke msingi, maana wapo wazazi humu ambao bado wanaamini kwamba chuo kikuu ni cha watoto wa wakubwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka wake wa kwanza ilitoa shilingi bilioni 56 hivi kwa wanafunzi wasiofika 43,000. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa bilioni 787. Tangu 2016 watoto wetu wanasoma hadi kidato cha nne bila ada, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikaondolewa. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo vijana wanaiita boom, ilipanda mwaka 2022/23 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Mwaka uleule ikaanza Samia Skolashipu kwa wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi. Na mwaka 2023/24 mlango wa mikopo ukafunguliwa kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu wa sayansi, kilimo na mifugo.

Sisemi fedha hizo zinatosha. Kila mwaka wapo wenye sifa wanaokosa, na tuendelee kuwabana wabunge wetu kuhusu jambo hilo. Lakini fedha ipo, na inagawiwa kwa walioomba sawasawa kwa wakati. Swali la leo ni kwa nini watoto wetu hawamo katika foleni hiyo kwa idadi wanayostahili.

Hoja ya kwanza: karatasi

Bodi haiji Kisesa kuangalia nyumba yenu imeezekwa nini. Inasoma karatasi. Umaskini usioandikwa, kwa Bodi, haupo. Mwombaji anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kama amefiwa na mzazi, awe na cheti cha kifo, nacho kimehakikiwa. Kama kaya yao inahudumiwa na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, aandike namba ya kaya. Kama ana ulemavu, au mzazi wake anao, awe na fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu. Kisha atafute mdhamini, saini na mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, na mhuri wa kamishna wa viapo.

Nieleze ninavyoyajua haya kwa karibu. Nilikaa mezani na binti mmoja aliyekuja na mama yake mdogo na bahasha ya kaki. Tukazipanga karatasi zake moja baada ya nyingine. Kadi ya kliniki ilikuwa na jina alilopewa na bibi yake, la Kisukuma, lililoandikwa kwa Ng'w. Shuleni, mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ameliandika jina lilelile kwa Mw. Cheti cha ubatizo kilikuwa na jina la mtakatifu na jina la babu. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina la mtakatifu na jina la baba. Mtoto ni mmoja, anakaa mbele yangu, lakini kwa afisa aliye Dar es Salaam walikuwa watoto wanne. Alikuwa na daraja la kwanza. Zilikuwa zimebaki siku chache dirisha lifungwe.

Jambo hili halikuwa kosa la yule binti, wala la mama yake mdogo. Sisi wa kanda hii tunawapa watoto majina mengi kwa upendo, na tahajia ya majina yetu haikupata kusanifiwa. Dawa yake ipo: hati ya kiapo, na kurekebisha cheti kwa Msajili wa Wilaya, yaani pale ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Magu mjini. Kutoka hapa ni kilomita zipatazo 40, kwenda tu. Mtu akienda mara ya kwanza akaambiwa arudi na barua ya mtendaji, akarudi akaambiwa alete cheti cha darasa la saba, tayari nauli imemla fedha ya chakula ya wiki nzima. Ndiyo maana watu wanakata tamaa wakiwa katikati.

Cheti cha kifo ni kigumu zaidi. Kisesa imefuatiliwa na watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, tangu 1994 kwa sababu ya UKIMWI, na hakuna mtu humu anayehitaji kuelezwa na mimi tulichokipitia. Yatima tunao. Wengi wa wazazi wao walifia nyumbani, wakazikwa kwa heshima zote, na hakuna aliyekumbuka kwenda kusajili kifo wakati watu wako msibani. Miaka inapita, mtoto anafaulu, halafu anaandika kwenye fomu kwamba ni yatima, na hana cha kuonyesha. Namwomba Ndugu Mtendaji wa Kata, na nawaomba viongozi wa dini mnaoongoza mazishi, mlichukue hili kama sehemu ya kumsitiri marehemu: kabla tanga halijaanuliwa, mtu mmoja wa familia apewe kazi ya kwenda kusajili.

Liko pia jambo ambalo wengi hawalijui, nami naomba mliandike. Mtoto aliyesomeshwa shule ya binafsi na parokia, au na mfadhili, au na mjomba aliyeko Geita, anaonekana kwenye fomu kama mtoto wa mwenye uwezo. Bodi inaangalia shule aliyosoma na ada yake. Asipoambatisha barua ya yule aliyemfadhili, atahesabiwa kwamba wazazi wake ndio waliolipa zile milioni, na atapewa kidogo au atakosa kabisa. Barua hiyo ni ukurasa mmoja. Baba Padre, Mchungaji, mkiombwa barua hizi msizicheleweshe.

Hoja ya pili: kalenda

Kalenda ya chuo na kalenda ya shamba hazipatani, na mtoto wa mkulima anaumia katikati.

Fikirini mwaka ulivyo. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Kisha vijana wanakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Dirisha la mikopo kwa kawaida linafunguliwa katikati ya mwaka, matokeo yanatoka Julai, na dirisha la vyuo linafunguliwa baada ya hapo. Kwa hiyo miezi ambayo kijana anatakiwa atafute mihuri kijijini kwake ndiyo miezi ambayo yuko kambini, mbali na kwao. Bodi imekuwa ikituma maofisa wake makambini kuwaelekeza, nasi tunaishukuru, lakini afisa hawezi kumtafutia mtoto cheti cha kifo cha baba yake kilichoko Magu.

Na fedha yetu inakuja lini? Pamba inauzwa kuanzia Mei. Mpunga nao unavunwa miezi hiyohiyo. Julai mifukoni kuna kitu. Vyuo vinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, wakati ghala limepungua, mvua imeanza, na mbegu na dawa zinataka fedha. Mzazi anapoambiwa Novemba kwamba mtoto anahitaji laki tatu, hasemi uongo akisema hana. Miezi minne nyuma angekuwa nazo.

Kwa hiyo nashauri kazi ya karatasi ianze kidato cha tano, si kidato cha sita. Kila mkuu wa shule mwenye kidato cha tano, na kila mzazi mwenye mtoto anayesoma mbali, akague bahasha ya mtoto likizo ya kwanza tu. Majina yakitofautiana, tuna mwaka mzima wa kuyarekebisha. Na kwa wanachama wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao: msimu wa pamba ukifunguliwa, mzazi mwenye mtoto wa kidato cha sita aache sehemu ya malipo yake kwenye akiba, asiipokee hadi Oktoba.

Hoja ya tatu: fedha ndogo ya mwanzo

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, na nitaanza na kisa cha zamani.

Mwaka 1959 mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu hilihili, alikuwa na tatizo ambalo mtalitambua. Vijana wa Kenya walikuwa wamepata nafasi na ufadhili katika vyuo vya Marekani. Ada kwa wengi ilikuwa imeshapatikana. Walichokosa ni nauli ya kufika huko. Mboya akazunguka Marekani kuhutubia na kuomba. Watu maarufu wa huko, akina Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Septemba mwaka ule ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hadi 1963 walikuwa wamevuka karibu vijana 800, wengi wao Wakenya, na wamo waliotoka Tanganyika na Uganda. Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo mwaka 1960, akasoma biolojia Kansas, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Watu wanaikumbuka hadithi hii kwa sababu ya Kennedy. Mimi naikumbuka kwa sababu ya vijiji. Nyuma ya kila kijana aliyepanda ndege ile kulikuwa na ukoo uliouza ng'ombe au mbuzi, na kijiji kilichoandaa karamu ya chai ili watu wachange. Hawakuchanga ada ya Marekani, wasingeiweza. Walichanga kile kilichobaki kati ya kijana wao na ada ambayo mtu mwingine alishakubali kuilipa.

Hali yetu ni hiyohiyo. Ada ya mwaka katika chuo cha umma, kwa shahada nyingi, ni kati ya milioni moja na milioni moja na nusu. Hiyo Bodi inaweza kuilipa. Lakini kabla Bodi haijalipa senti moja, mtoto anatakiwa awe na 30,000 ya kuombea mkopo. Awe na ada ya maombi ya kila chuo anachokiomba. Alipie picha, chapa, skana na kamishna wa viapo. Akishachaguliwa, nauli ya basi hadi Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam. Kadi ya bima ya afya, shilingi 50,400. Godoro. Kodi ya chumba kama hosteli imejaa. Halafu kuna wiki za mwanzo ambazo boom haijaingia, kwa sababu boom haiingii mpaka mwanafunzi asajiliwe chuoni na asaini. Wiki hizo ndizo zinazowarudisha watoto nyumbani. Wapo waliopata mkopo kwa asilimia kubwa na wakashindwa kuufikia.

Basi pendekezo langu kwenu ni mfuko wa kata ambao haulipi ada hata ya mtoto mmoja. Mfuko unalipa karatasi, maombi, nauli na wiki sita za kwanza. Tuseme laki tatu kwa mtoto. Watoto 20 ni milioni sita. Kamati ya harusi moja ya wastani hapa Kisesa inakusanya fedha hiyo, na inaikusanya ndani ya miezi miwili, kwa daftari na simu. Sina ugomvi na harusi. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba uwezo na utaratibu tunao.

Na fedha hiyo irudi. Boom ikiingia, kijana anarudisha kidogo kidogo hadi amalize, na fedha ileile inampokea mdogo wake mwaka unaofuata. Najua mzee mmoja hapo mbele anajiuliza: je, wakitoroka nayo? Baadhi watatoroka. Naamini watakuwa wachache tukiweka sharti kwamba watoto wa kijiji kimoja wanadhaminiana, na majina ya waliorudisha yanasomwa kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa kijiji. Wazee wetu waliendesha elika kwa miaka mingi, vijana wakilima mashamba ya wenzao kwa zamu, na hakukuwa na mahakama ya kuwalazimisha.

Mtu ataniuliza kwa nini tusilipe ada, angalau ya mtoto mmoja aliyekosa mkopo kabisa. Swali hilo linaniuma, kwa sababu mtoto huyo yupo na nimemwona. Jibu langu ni kwamba kwa fedha ya kumlipia mmoja ada na matumizi kwa miaka mitatu tungewafikisha zaidi ya kumi kwenye fedha ya serikali. Huyo mmoja tumsaidie kukata rufaa Bodi, kwa vielelezo vilivyokamilika, na kuomba tena mwaka unaofuata. Aliyemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano bado anaruhusiwa kuomba. Mwaka mmoja wa kusubiri si kifo cha ndoto yake, tukimshika mkono.

Hoja ya nne: ufadhili usio wa serikali

Upo, na unataka kazi ya namna nyingine. NMB Foundation ina mpango wa Nuru Yangu kwa vijana wa kaya duni waliofaulu. CAMFED, ambayo iko nchini tangu 2005, inawasaidia wasichana. Mastercard Foundation inafadhili vijana wa Afrika kupitia vyuo kama Makerere na Ashesi. Nafasi za China na Hungaria hutangazwa kila mwaka na Wizara ya Elimu.

Ufadhili huu unaamuliwa kwa barua. Vijana, nisikilizeni vizuri. Nimesoma barua nyingi za watoto wetu, na nyingi zinasema kitu kimoja: mimi ni maskini, naomba mnisaidie. Kila mwombaji ni maskini, kwa hiyo anayesoma barua hizo bado hajakujua. Mweleze unachokifanya. Kama unaamka saa kumi alfajiri kwenda mwaloni na mama kuchukua dagaa, halafu wewe ndiye unayeandika daftari la wanaokopa, andika hivyo, na uandike umejifunza nini kuhusu hesabu za watu wasiolipa. Kama umewafundisha wadogo zako watatu hisabati hadi wakafaulu, andika. Na walimu, naomba tuache barua ya mapendekezo inayosema tu kwamba mwanafunzi ana nidhamu na anashirikiana na wenzake. Barua hiyo inamfaa mtoto yeyote, na kwa hiyo haimsaidii yeyote.

Kuhusu matapeli nitasema maneno machache. Anayekupigia simu kwamba umepata ufadhili wa Kanada, tuma laki mbili za kufungulia faili, ni mwizi. Malipo halali ya maombi ya Bodi yanapita kwenye kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, hayapiti kwenye namba ya simu ya mtu.

Hoja ya tano: njia fupi, na hofu ya deni

Wazazi wengi wanaihesabu shahada tu. Mtoto aliyeishia kidato cha nne ana FETA pale Nyegezi kwa mambo ya uvuvi, ana chuo cha kilimo Ukiriguru, ana VETA Mwanza ambako ada ya mwaka kwa wanafunzi wa kutwa imekuwa shilingi 60,000. Kwa mikoa yenye ziwa, pamba na mifugo kama yetu, naona ajabu kwamba vyuo hivi tunavitaja mwisho.

Na wapo wanaowakataza mabinti kuomba mkopo, wakiogopa kwamba hakuna atakayeoa mwenye deni. Akina mayu, deni hili linaanza kudaiwa miaka miwili baada ya masomo, na aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilivimbisha deni kila mwaka, Rais Samia alitangaza kuifuta hapahapa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba, Mei Mosi 2021. Binti mwenye shahada na deni linalopungua kila mwezi yuko mahali pazuri kuliko alivyo leo.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa mambo ya mbele yetu.

Ngoma za sikukuu ya Bulabo zitachezwa hapa Bujora mwezi wa sita, kama kawaida. Makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yatavuta watu kutoka kila kona ya Usukuma. Naomba siku hizo iwepo meza ya elimu: mwalimu mstaafu mmoja, mwanafunzi wa chuo aliye likizo mmoja, kompyuta, skana, na mtu wa kutoka ofisi ya Msajili kama Mkuu wa Wilaya ataridhia. Mzazi aliyekuja kutazama ngoma aondoke akijua cheti cha mwanawe kina kasoro gani.

Kabla ya hapo, mwezi ujao, nawaomba wakuu wa shule walete kwa Mtendaji orodha ya watoto wote wa kidato cha tano na cha sita, na kando ya kila jina iandikwe ni karatasi gani haipo. Mfuko uanze na waliohitimu: mimi na wenzangu tulio na mishahara au pensheni tuanze kuchanga kabla ya kumgeukia mkulima. Julai, matokeo yakitoka, tukutane tena hapa tupitie orodha ile jina kwa jina, tuone nani amekwama na nani anampeleka Magu.

Daftari la kujiandikisha kwa kazi hiyo liko mezani kwa Mtendaji, karibu na mlango. Tunahitaji watu wenye muda kuliko wenye fedha. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa yaanze kwa vijana wa kidato cha tano na cha sita waliokaa kule nyuma.